Sindano Ndani ya Kamera ya Baba

Mama yangu ni fundi redio, na sitaki mtu aniambie "fundi redio wa kike" kana kwamba kuna redio za kike. Amekaa kwenye meza ile ile tangu kabla sijazaliwa, nyuma ya studio ya picha ya Baba, kwenye chumba chenye dirisha upande mmoja na pazia jeusi la chumba cha giza, cha kusafishia picha, upande wa pili. Mtaani wanamwita Mama Solda, kwa ile bati anayoyeyusha kuunganishia nyaya. Analipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Ukimkuta ameinamia kitu, miwani imemshukia puani na ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo, usimsemeshe. Atakujibu, lakini jibu lenyewe hutalipenda.

Baba ndiye mpiga picha. Yeye wanamwita Mzee Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila mtu aliyewahi kukaa mbele yake: maharusi, watoto wachanga, wanafunzi wa picha za kitambulisho, hata jogoo aliyeletwa na jirani apigwe picha ya ukumbusho. "Tulia." Sauti ya chini, haina haraka. Nimeona watu wazima waliokuja wamenuniana wakikaa kwenye lile benchi, wanaambiwa tulia, na wanatulia kweli.

Baba alipiga, Mama akatengeneza. Taa ikigoma, Mama. Mashine ya kukuzia picha ikianza kunuka moshi, Mama. Watu husema ni chanda na pete. Mimi niliyelelewa katikati yao nasema ni sufuria na mfuniko: makelele mengi, lakini chakula kinaiva.

Mwaka juzi Baba akapata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, anapanga viti, mimi nafagia, mara nikasikia kiti kimeanguka na baada yake hakuna aliyelalamika. Upande wa kulia wote ukalala, na maneno nayo yakaenda na upande huo. Alitoka hospitali na maneno manne: ndiyo, hapana, maji, na tulia. Hilo la mwisho lilitupa kicheko kidogo wakati ambao hatukuwa na kicheko kingine, maana alimwambia nesi aliyekuwa akimtafuta mshipa, na nesi, masikini, akatulia.

Nikachukua studio. Nina kamera yangu ya kisasa, napiga picha za pasipoti, natoa kwenye mashine, mteja anaondoka na bahasha yake ndani ya dakika tano. Na niseme ukweli, maana hakuna anayenilazimisha kuusema: katika miezi ile nilianza kumwona Baba kama mtu aliyekwisha. Nilikuwa nazungumza naye kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto majina ya wanyama. Nilishapanga kichwani kiti chake kihamie wapi na kabati lake la vifaa liende kwa nani. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa mwepesi tu wa kufunga milango.

Dada wa mazoezi ya viungo alikuwa akija mara mbili kwa wiki. Alimletea Baba mpira laini wa kuminya. Baba aliuminya mara tatu, kisha akautupa dirishani, ukamwangukia fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Dada yule hakukasirika. Alimwambia Mama, "Mtafutieni kitu ambacho mkono wenyewe unakitaka. Kichwa kimepoteza mengi, lakini mkono una kumbukumbu zake. Na ukishaanza kufanya kazi msiusumbue kwa maswali. Akianza kufikiri tu, mkono unasimama."

Mama alifungua kabati, akatoa kamera kwenye mfuko wake wa ngozi, akaiweka mapajani mwa Baba.

Ni kamera ya zamani, ya filamu, nzito kama tofali. Juu yake ina kichwa kinachochomolewa, na hicho kichwa ndicho chenye kitundu cha kuchungulia. Ukiweka jicho pale unaona unachotaka kupiga, na chini yake unaona sindano nyembamba inayocheza. Ndani ya kichwa kuna mita inayopima mwanga. Unazungusha pete ya lenzi, tundu la mwanga linapanuka au linabanwa, na sindano ikisimama katikati, mwanga umetosha, unafyatua. Baba hakuwahi kutumia nyingine tangu ujana wake.

Mkono wa kushoto, ule mzima, ukaenda moja kwa moja kwenye pete. Haukutafuta. Akainua lile tofali kwa mkono mmoja, akaweka jicho, akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akalishusha, akamtazama Mama, akagonga kile kitundu kwa kidole. "Hapana," akasema. Sindano ilikuwa imekufa.

Sijui kama nitaweza kueleza sura ya Mama wakati ule. Kwa miezi kumi na minne mumewe alikuwa anakula akilishwa, analala akilazwa, haombi chochote isipokuwa maji. Sasa ameomba kitu, na kitu chenyewe ni ufundi. Alikunja mikono ya blauzi.

"Filamu zimebaki ngapi?" akaniuliza.

Zilibaki mbili, kwenye friji, kando ya maziwa. Huku kwetu hakuna tena anayeuza filamu za aina ile. Nilimwambia.

"Zinatosha," Mama akasema. "Ya kwanza ya kujaribia, ya pili ya kuringia."

Kazi ilimchukua siku mbili. Nilikuwa naingia na kutoka, mteja mmoja na mwingine, na kila nikipita nachungulia. Betri ilikuwa imevimba na kutapika maji yake, na maji yakaganda kuwa ukoko wa kijani kwenye vibati. Aliusugua kwa pamba na siki, kisha spiriti, kisha kifutio cha penseli mpaka shaba ikang'aa. Betri yenyewe haitengenezwi tena, kwa hiyo alinituma duka la dawa nikanunue zile ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia, akaizungushia moja pete ya waya ili ikae isicheze. Sindano ikaamka. Lakini ilikuwa inaruka kama panzi, haikai. Akafungua skrubu nne ndogo ambazo mimi hata kuziona ni shida, akafikia bamba jeusi la mviringo ambalo hutelezewa na kidole cha shaba kila unapozungusha pete. Lilikuwa na uchafu wa miaka. Akalisafisha, akapulizia, akajaribu. Sasa sindano ilipanda na kushuka polepole, kwa heshima zake.

Siku ya pili akaazima kamera yangu ya kisasa, akazielekeza zote mbili kwenye ukuta mmoja mweupe, akalinganisha. Nikamsikia amenyamaza. Mama anapofanya kazi huwa anaguna, analaumu waliotengeneza kitu, anakisema kitu chenyewe kama mtoto mtundu. Akinyamaza, kuna jambo. Mita ya Baba ilikuwa inadanganya. Ilisema mwanga umetosha wakati bado zilihitajika hatua mbili za pete.

Akaendelea kufungua, akaingia ndani zaidi ya alikokusudia. Jioni, tunakunywa chai, akaniambia, "Nimekuta kosa la zamani humo. Nimelitoa. Sasa inasema kweli."

"Kosa la nani?"

"La fundi fulani," akasema, akaomba sukari.

Kesho yake tukaweka kamera kwenye miguu mitatu, mbele ya dirisha la mbele, Baba ameketi nyuma yake. Mama alimfungia waya wa kufyatulia, ule mrefu wenye kitufe mwishoni, auminye kwa kidole gumba cha kushoto. Kazi yangu ilikuwa kusogeza filamu kila baada ya picha. Tukaita watu. Fundi cherehani alikuja na futi yake shingoni, akauliza kama leo atatupiwa mpira mwingine. Kinyozi akaja amejinyoa upya. Binti yangu akaja na pengo lake la meno mawili ya mbele na akakataa katakata kufunga mdomo.

"Tulia," Baba akasema, na sauti ilikuwa ileile. Nilisogea pembeni nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Akachungulia. Mkono wa kushoto ukazungusha pete mpaka akaridhika, ukasita, ukaongeza, tik, tik, kisha ukashuka kwenye kitufe. Sikushangaa. Ndivyo alivyofanya maisha yangu yote. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napiga picha watu kwa kopo la dawa ya viatu, na kabla ya kufyatua nilikuwa nasema kwa ulimi "tik, tik," kwa sababu nilidhani ndivyo picha inavyofungwa isitoroke. Alipiga filamu nzima. Alichoka, jasho lilimtoka, na usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu hospitali.

Nilisafisha filamu mwenyewe asubuhi, nikaitundika ikauke, nikamletea.

Sasa hapa inabidi mjue tabia moja ya Baba. Yeye hangojei picha itoke kwenye karatasi. Anachukua filamu yenyewe, anaielekeza dirishani, anaisoma. Kwenye filamu kila kitu ni kinyume, cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe, lakini yeye huzisoma kama barua. Filamu nzuri inapitisha mwanga, unaona uso nyuma yake. Ile niliyomletea ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Mwanga umeingia mno. Mashavu ya binti yangu, shati la kinyozi, vyote vimebanana kuwa bonge moja.

Akatazama ya kwanza. Akatazama ya pili. Akaruka mpaka ya mwisho. Akanirudishia filamu bila kuniangalia. Kisha akainua kamera, akailaza kwenye kiti kifudifudi, lenzi chini, kitu ambacho mtoto yeyote wa nyumba ile angechapwa kwa kukifanya. Akaenda kitandani kwa fimbo yake mchana ule, akageukia ukutani.

Siku tatu. Chai, hapana. Mazoezi, hapana. Dada wa mazoezi alikaa pembeni ya kitanda nusu saa akaondoka. Mimi nikajifanya mjanja: nikaingia chumba cha giza, nikazipika zile picha kwenye karatasi kwa muda mrefu kupita kawaida, zikatoka, si mbaya hata kidogo. Nikampelekea. Alizitazama, kisha akanitazama mimi, mtazamo wa mtu anayejua unamdanganya kwa nia njema na hana nguvu ya kugombana. Nikazirudisha kwenye bahasha.

Mama alinikuta studio, akafunga mlango wa kati.

"Kama kamera ile itamshinda," akasema, "tumempoteza akiwa hai. Atakaa humo ndani akijua hawezi, na hatatoka tena."

Hakulia. Alikuwa amekasirika, na hasira yake haikuwa na mtu wa kumwangukia. Alikuwa ameilinganisha ile mita na kamera yangu mara tatu. "Mita iko sawa. Nakuapia iko sawa. Basi ni mkono wa baba yako..." Hakumalizia.

Nami, ambaye subira sikuandikiwa, nikamjibu vibaya. "Mkono wake hauna kosa lolote. Nilikuwa nimesimama pale. Amelenga, amezungusha, tik tik, kafyatua. Kama siku zote."

"Tik tik gani?"

Nikadhani ananitania. Nikachukua kamera, nikamwonyesha: sindano inasimama katikati, halafu unaongeza hatua mbili. Tik, tik. Mama alitazama vidole vyangu kama mtu anayeonyeshwa chumba kipya kwenye nyumba yake mwenyewe. Hakuwahi kuona. Baba akipiga picha, Mama alikuwa nyuma, ameinamia meza yake, au yuko nyuma ya pazia jeusi. Wamelala kitanda kimoja miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi hata siku moja kusimama ubavuni mwake akautazama mkono wake wa kushoto ukifanya kazi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nimepata akili."

Akavua miwani, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniambia habari ambayo hakuwa amemwambia mtu.

Mwaka waliooana, mimi nikiwa tumboni, sindano ile ilikufa mara ya kwanza. Mama wakati huo alikuwa fundi wa redio kubwa za mbao, hajawahi kugusa kitu kidogo namna ile, na upande wa wakwe walikuwa bado wanauliza kijana wao ameoa mke au ameajiri fundi. Akaomba ajaribu. Meza yake ilikuwa na vumbi, mlango wa mbele unapuliza, kwa hiyo akaingia na kazi yake chumba cha giza, mahali pekee pasipo na upepo. Kulikuwa na karatasi za picha za wateja bado zimo kwenye dawa, asingeweza kuwasha taa nyeupe. Akafanya kazi kwa ile taa nyekundu. Akakuta rizista imeungua, kile kipande kidogo kama punje ya mchele kinachozuia umeme usipite wote kwa pamoja, akatafuta kingine kwenye kopo lake. Rizista husomwa kwa mistari ya rangi. Mstari wa kwanza ulitakiwa uwe mwekundu. Na chini ya taa nyekundu, mwekundu na wa rangi ya chungwa ni ndugu mapacha, hata mama yao hawatofautishi. Akachukua yenye mstari wa chungwa. Akailehemu kwa solda yake ya redio, ikaacha donge nene kama dengu. Sindano ikacheza, akamkabidhi mumewe kamera huku anacheka kama mtoto.

"Nimelikuta lile donge juzi," akasema. "Nilijua ni langu kabla sijageuza. Nikaona rangi yake mchana kweupe. Nikasema, haiwezekani, picha zake zimekuwa nzuri miaka yote. Nikajidanganya kwamba labda humo ndani kulikuwa na kosa lingine linalofuta hili. Kumbe kosa lingine hakuna. Kuna baba yako tu."

Nikasema labda Baba hakujua, labda aliona picha zinatoka giza, akazoea tu kuongeza.

Mama akatikisa kichwa, akanionyesha kidude cha juu chenye namba, kile cha kuiambia mita filamu ni ya nguvu gani. "Hapa. Angepunguza namba hapa mara moja tu, ingekuwa imekwisha, asingehitaji kuongeza chochote maisha yake. Mpiga picha yeyote anajua. Kwa nini hakufanya?" Hakunisubiri. "Kwa sababu kila Jumamosi mimi ndiye ninayeifuta kamera hii. Ningeiona namba."

Nje mtu aligonga kioo akitaka picha za pasipoti, nikamwonyesha kwa mkono arudi baadaye. Nilikuwa nahesabu harusi, vipaimara, mahafali, maelfu ya watu waliotulia kwenye lile benchi, na kwa kila mmoja wao Baba ameongeza hatua mbili kimya kimya ili mke wake asijue.

Lakini mimi ni mtu wa njia ya mkato. "Basi rahisi," nikasema. "Mita sasa ni nzima. Tumwambie asiongeze."

Mama aliniacha nijaribu. Nilimbembeleza Baba mpaka akakubali kukaa nyuma ya kamera, tupu, haina filamu. Akazungusha pete, sindano ikasimama, na vidole vilipotaka kuendelea nikamshika kiganja. "Baba, hapo hapo. Usiongeze." Akaniangalia. Akaanza upya. Safari hii vidole vilifika kwenye pete vikasita, vikarudi nyuma, vikasonga, vikaanza kutetemeka. Alikuwa anafikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo mkono ulivyozidi kuwa kitu cha mtu mwingine. Machozi yakamlengalenga. Nilimwomba radhi, nikamrudisha chumbani, na tangu siku ile sijamsemesha tena kama mtoto.

Mama alikuwa ameshafungua kichwa cha kamera mezani.

Lazima mjue ni kitu gani alikuwa anakwenda kukifanya. Huyu ni mwanamke ambaye kitu kibovu hakitoki mezani kwake. Aliwahi kumfukuza mteja aliyetaka waya uliochubuka ufungwe gundi tu arudishiwe redio yake. Alimwambia nenda ukaungue kwa fundi mwingine. Sasa alikuwa anatafuta rizista mbovu kwa hiari yake. Hatupi kitu, kwa hiyo tulijua imo kwenye kopo, pamoja na mamia ya wenzake. Tukalimwaga kopo kwenye sinia, tukalipeleka dirishani kwenye mwanga wa kutosha, tukaanza kuchambua kama watu wanaochagua mchele. Ni mimi niliyeiona, kwa lile donge nene kwenye mguu wake mmoja.

Aliilehemu pale ilipokuwa. Sijawahi kuona mtu akiharibu kitu kwa uangalifu kiasi kile. Alipomaliza akalinganisha na kamera yangu: hatua mbili pungufu, kamili, wala si moja na nusu.

"Ole wako umwambie," akasema.

"Mimi? Wewe ndiye huwezi kunyamaza."

"Nitanyamaza."

Filamu ya mwisho aliitia kwenye kamera mbele ya macho ya Baba, pale kitandani, aone. Kisha akaenda kwenye meza yake, akawasha taa, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Mimi leo nataka picha yangu. Miaka yote hii nyuso za watu zimejaa ukutani, mimi hata moja sina nikiwa kazini. Ukitaka njoo, hutaki nitamwomba kinyozi."

Ilichukua muda. Tukasikia fimbo. Baba akatokea mlangoni, nywele zimesimama, akatazama miguu mitatu niliyokuwa nimeisogeza karibu, akakaa. Mama akaanza kujirekebisha, mara kola, mara miwani, mara asogeze redio.

"Tulia," akasema Baba.

Akampiga yeye tu. Filamu nzima, picha thelathini na sita, Mama akiwa ameinama, akiwa amekasirika, akiwa amesahau kwamba kuna mtu anamtazama. Nilisogeza filamu na kila mara nilisikia tik, tik, na kila mara nilikuwa naomba kimoyomoyo.

Kusafisha filamu ile kulinitoa jasho. Hakukuwa na nyingine. Nilipima maji mara mbili, dawa mara mbili, nikahesabu dakika kwa mdomo kama mtoto wa shule. Nilipoikunjua nikaielekeza kwenye taa, nikaona uso wa mama yangu kinyume, nywele nyeupe ambazo ni nyeusi na meno meusi ambayo ni meupe, kila mkunjo mahali pake. Nilikaa sakafuni kwanza kabla ya kutoka.

Baba aliisimamia dirishani. Aliisogeza kwa kidole gumba, picha moja, ya pili, ya tatu. Hakuruka hata moja. Alipofika ya thelathini na sita akairudia tangu mwanzo. Mama alikuwa nyuma yake amesimama na bisibisi mkononi bila sababu. Nilimwona anaitia mfukoni, na nikajua hatanyamaza.

"Baba watoto," akasema. "Ile mita nimeirudisha ikiwa mbovu. Niliitengeneza ikawa nzima, ndiyo ikakuharibia filamu. Si mkono wako. Ni mimi. Ni mimi tangu mwanzo."

Ningeweza kumfinya. Baba hakugeuka. Filamu ilikuwa inacheza kidogo kwa pumzi yake.

"Ulijua?" Mama akauliza.

"Ndiyo."

"Tangu ile filamu ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Na hukuniambia." Sasa sauti yake ilipanda, ile hasira iliyokuwa haina mtu ikawa imempata. "Ningeirekebisha kwa dakika kumi. Dakika kumi, mume wangu. Miaka thelathini na mmoja unajisumbua na mkono, kwa nini hukusema?"

Baba akageuka. Akaweka filamu mezani, akakaa kwenye benchi, akafungua mdomo, na neno halikuja. Alijaribu tena. Niliona linavyopanda, linafika kooni, linarudi. Nilitaka kumsaidia, kumpa maneno achague, Mama akanizuia kwa mkono. Tukangoja. Haikuwa ndiyo wala hapana, haikuwa maji.

"Uli..." akasema. Akapumua. Akamtazama Mama usoni.

"Ulifurahi."

Mama alikaa kando yake, akalaza kichwa begani kwake, bega la kulia, lililokuwa karibu. Baba akamgonga taratibu kwa mkono mzima, akamvuta, mpaka Mama alipoinuka na kuhamia upande wa kushoto, ambako Baba angeweza kumhisi.